Mwaringa Kati ya Mondo na Simbamangu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, watu wakisharudi msikitini, Kituo cha Kutunzia Wanyama cha Mkwajuni, hapa Sabaki, kitamuaga Bw. Gerishom Mwaringa baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alikuja mwaka 1994 kufyeka nyasi, kazi ya wiki mbili. Anaondoka akiwa msimamizi wa wanyama walao nyama, na nyasi zile, kwa maneno yake mwenyewe, bado hazijaisha.

Mgeni akifika hapa akaambiwa amngoje Mwaringa ofisini, atangoja mpaka achoke. Mwaringa hakai. Mikutano yetu huihudhuria mlangoni, bega moja ndani na jingine nje, macho yakiwa kwenye vizimba. Bi Everlyne, meneja wetu, aliwahi kumnunulia kiti chake peke yake, chenye mto. Leo kiti hicho kinakaliwa na redio ya mlinzi.

Chai nayo huinywa akitembea. Ndiyo maana vikombe vya kituo vimekuwa vikionekana mahali ambapo kikombe hakina kazi: juu ya nguzo ya ua, ndani ya toroli, kwenye panda la mwarobaini, na safari moja mgongoni mwa kobe mkubwa, chai nusu imo ndani na kobe anakwenda. Marehemu Harith, dereva wetu, ndiye aliyekuwa akivikusanya jioni kabla ya kufunga gari. Alivileta stoo vikigongana ndani ya ndoo, akatangaza kuwa leo mavuno si haba.

Kwa wanyama Mwaringa aliingia bila kuombwa. Kulikuwa na nyani jike aliyekuwa ameokolewa, akawa hataki kula kwa mkono wa mtu yeyote. Mwaringa, akipita na fyekeo lake begani, akamwachia ndizi bila hata kumtazama, akaenda zake. Aliporudi, ganda tu. Alipoulizwa alifanyaje, alijibu kwamba mwenye njaa hapendi kutazamwa, awe nyani au binadamu. Wiki iliyofuata fyekeo likapewa mtu mwingine. Tangu siku hizo amelea fungo, kanu, nguchiro na mbweha, na vijana wote wanaohudumu vizimbani leo wamefundishwa naye, wote wakiwa wanatembea.

Lakini ukitaja jina la Mwaringa kutoka hapa mpaka Malindi mjini, watu watakuuliza habari za paka wake wawili.

Wa kwanza ni simbamangu, dume, aliyeletwa kutoka upande wa Marafa akiwa amenaswa na waya. Mguu wake wa mbele ulipona, lakini vidole viwili vilikatika, na mnyama wa namna hiyo hawezi tena kujitafutia porini. Mwaringa alimpa jina la Karani, kwa sababu ya vile vishungi vyeusi vilivyosimama kwenye ncha za masikio, kama karani wa zamani aliyejichomeka kalamu mbili, moja kila upande. Wa pili alikuwa mondo jike. Huyo alitoka nyumba moja ya mtaa wa Shella, Malindi, alikokuwa amefungwa ukosi wa shanga ili wageni wapige naye picha. Alikuwa mdogo wa kuenea kwenye kofia. Akaitwa Shella, na ukosi ukakatwa siku ileile.

Mondo na simbamangu ni watoto wa ndugu. Mwaringa aliwaweka katika vizimba vilivyopakana ili wageni wajionee wenyewe, naye hakuchoka kuwaeleza. Mondo ana madoadoa, shingo ndefu, miguu mirefu kama amesimama juu ya mikongojo, na masikio makubwa kuliko uso unavyostahili. Simbamangu hana doa. Ni mwekundu wa udongo, mnene wa mapaja, mkia mfupi, na uso wa mtu aliyeamshwa kwa kelele. Mondo hupenda matete na nyasi zenye maji, chakula chake ni panya, vyura na ndege wa chini. Simbamangu hupenda vichaka vikavu, na huweza kumwangusha mnyama mkubwa kuliko yeye. Mondo akiwinda hufumba macho, mgeni akadhani amelala, kumbe anamsikiliza panya anayetembea chini ya majani. Simbamangu hana subira hiyo. Huzunguka, hurudi, huzunguka tena.

Kila mmoja alilishwa kwa njia yake. Nyama ya Shella ilifichwa chini ya nyasi kavu, ikafungwa uzi, na Mwaringa akauvuta polepole kutoka nje ili paka aitafute kwa masikio. Nyama ya Karani ilirushwa juu, aidake hewani. Siku moja ilirushwa juu mno, ikavuka ua, ikatua kwenye boneti ya gari la mgeni rasmi aliyekuwa ndio kwanza anashuka. Mgeni aliuliza kama hiyo ni desturi ya kituo. Mwaringa alimjibu kwa adabu kwamba ni desturi, ila kwa wageni wa heshima tu.

Kutokana na paka hao, wafanyakazi tulianza kujigawa, nani mondo, nani simbamangu. Bi Everlyne tulimweka upande wa mondo kwa sababu husikia mambo kabla hayajasemwa. Harith pia alikuwa mondo. Gari likileta shida alikuwa akizima maongezi ya wote waliomo, anafumba macho, anasikiliza injini, kisha anasema ni mkanda, au ni tairi la nyuma, na huwa kweli. Kuhusu Mwaringa hapakuwa na mjadala. Simbamangu huyo, tena wa kizimba kidogo.

Februari mwaka huu, kwa idhini ya wahusika wa wanyamapori, Shella alifunguliwa. Mahali palipofaa ni matete ya ng'ambo ya mto, kuelekea Mambrui. Kabla ya hapo Mwaringa alikwenda kuomba ruhusa ya wenyeji wanaolima na kufuga pembezoni mwa mji ule. Hakuwaficha kitu. Aliwaambia kwamba mondo akipata kuku ovyo ovyo atamchukua, kwa hiyo kuku walazwe ndani. Lakini mbuzi hamuwezi. Mtu mmoja akauliza, na akimuweza? Mwaringa akasema, mbele ya watu wote, kwamba mbuzi akiuawa na paka huyo, yeye mwenyewe atakuja kumtoa kwa mikono yake. Wakakubali.

Siku chache baada ya Idi, mbuzi wa Bw. Zubeir, mfugaji wa huko, akauawa. Akafuata mwingine, na mwingine tena wa jirani. Simu zilianza kuingia ofisini, na zote zilimtaka Mwaringa.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kwa wakazi wa huku halihitaji maelezo, lakini linahitaji kuandikwa. Mbuzi akikamatwa na mnyama naye bado anapumua, mwenyewe hukimbia na kisu. Akimuwahi, akamchinja kabla roho haijatoka, nyama ni halali na hasara imepungua. Asipomuwahi, huyo ni kibudu, haliwi, huburutwa mbali na nyumba na kufukiwa haraka. Mara zote mbili ushahidi hupotea. Mwaringa alimshuku simbamangu wa porini, ambaye huua kwa kubana koo, na kisu hupita palepale kwenye koo. Damu imetapakaa, mtu ana haraka, nani atasimama kuangalia alama za meno? Mwaringa alifika mara tatu, na mara tatu alionyeshwa ama sufuria ama kaburi.

Na mondo alikuwa akionekana. Kila aliyepita kwenye matete alimwona akirukaruka mchana kweupe. Aliyeonekana ndiye aliyelaumiwa. Tukasikia kwamba sumu imekwisha nunuliwa, imewekwa kwa Bw. Zubeir, inangojwa nyama ya kuitilia.

Miezi hiyo Mwaringa alituchosha hata sisi. Alikuwa akivuka daraja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi kutafuta nyayo. Alimaliza viatu. Chai aliiacha kabla haijafika nusu. Karani, kizimbani kwake, alizunguka upande wa ndani wa waya na Mwaringa upande wa nje, na ilikuwa vigumu kusema nani anamfuata nani.

Hatimaye alimwendea Bw. Zubeir na ombi zito: mbuzi atakayefuata asichinjwe. Aachwe kama alivyo, aonekane. Maana yake ni kumwambia mfugaji aitazame nyama yake ikiharibika kwa ajili ya paka. Bw. Zubeir, ambaye ni mtani wake wa siku nyingi, alimtazama juu mpaka chini.

"Sema kweli, Mwaringa," alimwambia. "Wewe si paka unayemtaka. Wewe wataka kibudu."

Baraza nzima ilicheka, na Mwaringa akacheka nao, akaondoka, ombi lake likabaki hapo barazani.

Mwezi Juni, alfajiri, simu ikalia. Alikuwa Bw. Zubeir, na safari hii hakuwa na utani.

"Kisu nilikuwa nacho mkononi," alisema. "Nimekirudisha alani. Njoo uone mwenyewe kabla sijajuta."

Harith aliwasha gari kabla Mwaringa hajamaliza kueleza. Walimkuta Bw. Zubeir amesimama kando ya mbuzi jike aliyekuwa na maziwa, mkewe Bi Rufaida amejifunika kanga mpaka puani. Mwaringa alipiga magoti, akaipekua shingo. Kulikuwa na matundu ya meno kooni, yameachana, yamezama. Manyoya ya paja yalikuwa yamenyofolewa na kutemwa kando kabla ya nyama kuliwa. Mchangani palikuwa na wayo mpana. Kinywa cha mondo hakienei pale. Majirani waliitwa, wakaweka vidole vyao kwenye yale matundu, mmoja baada ya mwingine, wakakubali. Mondo hakuwa na hatia.

Mwaringa, kwa furaha, akaendelea kueleza. Akasema huyu ni simbamangu, mwekundu, ameshuka kutoka vichaka vya juu kwa sababu ya ukavu. Akaeleza anavyokuja, anavyoruka, anavyokamata. Watu walisikiliza vizuri sana. Alipomaliza, mzee mmoja akashukuru kwa elimu hiyo, akasema basi sumu atawekewa huyo mwekundu.

Harith alisimulia baadaye kwamba hajapata kumwona Mwaringa akisimama mahali pamoja namna ile. Alikuwa amemtetea mmoja kwa kumtaja mwingine. Miaka yote aliwasimulia watu tofauti za paka hawa wawili, huyu mpole, yule mkali, na sasa tofauti hizo zilikuwa zimegeuka kuwa hukumu. Tena sumu haiangalii madoadoa. Nyama ikilala vichakani, mwenye njaa ndiye atakayeiokota.

Kwa hiyo alirudi nyuma mbele ya watu walewale. Aliwaambia kwamba amekosea kumaliza maneno pale alipoyamalizia. Simbamangu hana hatia zaidi ya mwenye njaa anayekuta mlango uko wazi, na mbuzi wa upande ule hulala kwenye kamba, bila boma. Akaomba muda wa kujenga. Waliulizana, wakapatana naye: mpaka siku yake ya kustaafu. Mbuzi mmoja akiuawa kabla ya hapo, sumu itawekwa, na asiwepo wa kumlaumu mwenzake.

Likizo yake yote iliyobaki Mwaringa aliimalizia Mambrui. Alikata miiba, akaiburuta, akaifunga. Wenye mbuzi walitoa nguzo. Harith alibeba mizigo kwa gari la kituo baada ya saa za kazi, na Bi Everlyne alikuwa haulizi mafuta yamekwenda wapi. Bw. Zubeir, mwanzoni, alikuwa akikaa pembeni akikosoa. Alisema boma la Mgiriama huyu litazuia simba, litazuia simbamangu, na litamzuia mbuzi mwenyewe asiingie. Kisha akainuka akaanza kushika upande wa pili wa kamba.

Agosti, upande mmoja wa boma ukiwa bado wazi, Harith aliugua ghafla, na hakukaa sana. Alizikwa Malindi.

Mjane wake ndiye anayeandika wasifu huu, na hapa ataandika alichokiona tu. Mwaringa alikuja matangani, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, mgongo kwenye ukuta. Akakaa siku zote za matanga. Alikuwa akijua boma liko wazi. Alikuwa akijua mapatano. Mtu mmoja alimnong'oneza kwamba si lazima, aende akamalizie kazi, Mungu anajua nia. Akatikisa kichwa. Aliporudi Mambrui alikuta upande ule umezibwa, miiba imefungwa ovyo lakini imefungwa. Bw. Zubeir alikuwa ameufunga mwenyewe, na viganja vyake vilikuwa na vidonda mpaka wiki iliyofuata.

Tangu mwezi huo kuna jambo jingine limebadilika, dogo, huenda wengine hawakuliona. Vikombe havipotei tena. Jioni Mwaringa huvizungukia mwenyewe, nguzo kwa nguzo, anavileta stoo, anaviweka mezani, anaondoka.

Miezi iliyobaki imekuwa mirefu. Septemba nyayo pana zilionekana zikizunguka boma, zimezunguka tena, zikarudi zilikotoka. Oktoba mbuzi mmoja hakuonekana jioni, na Mwaringa akavuka daraja akikimbia, mtu wa miaka sitini, kwenda kumkuta amenaswa pembe kwenye ua wa jirani akila majani ya muhogo. Kila simu ilipolia ofisini, sote tulisimamisha kazi. Karani aliendelea kuzunguka kizimbani kwake.

Wasifu huu ulikuwa umekwisha kuandikwa na uko tayari kupelekwa kuchapishwa pale Jumatatu ya wiki hii, Bw. Zubeir alipofika langoni, kofia safi, mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mengi. Hakukubali kuuweka mezani, wala kumpa mtu mwingine. Mwaringa alitafutwa, akapatikana nyuma ya vizimba.

"Ijumaa ni siku ya sherehe, haifai niingie na kitu hiki," Bw. Zubeir alimwambia. "Pokea leo. Ni ile sumu, haijafunguliwa. Mtajua nyinyi pa kuiteketeza."

Mwaringa akamkumbusha kwamba muda wa mapatano bado siku kadhaa. Bw. Zubeir akasema siku hizo anamsamehe, kwani mbuzi wanalala, na yeye pia analala, na usingizi huo hajui ataulipia nini. Kisha, akiwa ameshageuka kwenda, akaongeza kama mtu aliyesahau kitu kidogo kwamba Bi Rufaida alimwona paka mwenye madoadoa asubuhi ileile kwenye matete, mdomoni ana panya, na amenona kuliko mtu yeyote hapa kituoni.

Mwaringa aliupokea mfuko, akaukabidhi kwa Bi Everlyne. Akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kwenda. Halafu akakaa. Alikaa kwenye kizingiti cha stoo, miguu ameinyoosha. Aliletewa chai, akainywa palepale mpaka ikaisha. Kikombe kilipokewa kutoka mkononi mwake.

Bw. Mwaringa, kwa niaba ya meneja, wahudumu, walinzi, jikoni na stoo, tunakushukuru. Tunamshukuru mkeo na wanao waliokuazima kwetu kwa muda mrefu hivi. Sasa wajue wenyewe watakavyokufuata. Karani tutamrushia nyama, nasi tutajitahidi isivuke ua. Kiti chenye mto kimeondolewa redio na kufutwa vumbi, kitakuwa chako Ijumaa, ukikalie au ukizunguke, shauri lako. Mungu akupe afya, viatu vigumu, na njia zisizo na waya wa mtego. Na siku miguu ikikuleta huku Sabaki, kikombe chako kiko kwenye ndoo pamoja na vingine. Ukimaliza, kiache popote. Yuko wa kukiokota.

Afiya, Stoo